Treni za Umeme za Ukoo Mmoja: Mbona Ndugu Hawa Hawafanani?

Katika chama chetu cha Kiswahili tumezoea kuandika juu ya ngeli, methali, ushairi na tamthilia. Mwaka huu nimeonelea niwaletee somo la namna nyingine, somo la treni. Usishtuke! Katika mjadala wetu mmoja wa muhula wa kwanza, mwenzetu wa kidato cha nne alisimama akasema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na mapenzi, mambo ya mitambo tuyaachie Kiingereza. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Nilijiambia kuwa nitatafuta jambo la mitambo, gumu kidogo, nilieleze kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi tamati. Wewe ndiwe utakayeamua kama limewezekana.

Jambo lenyewe ni ukoo mmoja wa treni za umeme za Uingereza, zilizobeba wafanyakazi na wanafunzi kati ya viunga vya miji na katikati ya miji kuanzia mwaka 1976 hadi 2024. Ukoo huu ulikuwa na ndugu 5. Sura zao zilishabihiana, lakini kila mmoja alikuwa na lake. Nitaonyesha kwamba tofauti hizo hazikuwa za urembo. Kila tofauti ilikuwa jibu la swali lililoulizwa na mahali treni ilipofanyia kazi. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kisha nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi kando ya reli hapa Kenya.

GARIMOSHI LISILO NA MOSHI

Kwanza tumalize suala la lugha. Wengi wetu bado twasema "garimoshi" au "gari la moshi". Neno hili lilizaliwa wakati injini zilichoma kuni na makaa na kupumua moshi mweusi. Treni ya umeme haina moshi hata chembe. Kuiita garimoshi ni kama kumwita mtu mwenye nywele tele "kipara". Kwa hiyo katika makala haya nitasema "treni" tu.

Na huo moshi haukuwa jambo dogo. Katika mji wa bandari wa Liverpool, mwaka 1886, ilifunguliwa reli inayopita kwenye handaki chini ya mto Mersey. Injini zake zilikuwa za mvuke. Hebu fikiria moshi wa makaa ndani ya shimo chini ya mto! Abiria wengi walichoka wakarudia feri. Reli hiyo ilipata hasara kubwa mpaka ilipotiwa umeme mwaka 1903. Hapo tunaona sababu ya kwanza ya treni ya umeme: mjini, na hasa ndani ya handaki, pumzi ya watu ni muhimu kuliko injini.

CHIMBUKO LA UKOO

Miaka ya 1960 treni nyingi za viunga vya London zilikuwa za mtindo wa zamani. Karibu kila safu ya viti ilikuwa na mlango wake, na mlango huo ulifunguliwa na kubamizwa kwa mkono. Abiria wenye haraka waliweza kufungua mlango kabla treni haijasimama, na wafanyakazi wa stesheni walilazimika kuhakikisha kila mlango umefungwa kabla treni haijaondoka. Hatari haikuwa ndogo, na muda ulipotea.

Basi shirika la reli la nchi hiyo, British Rail, likaunda treni za majaribio mwaka 1971. Zilikuwa na mabehewa 10 tu kwa jumla, na bodi zake zilikuwa za alumini ili kupunguza uzito. Milango ilikuwa ya kuteleza, inayofunguka na kufungwa kwa nguvu ya mtambo. Nafasi ya kusimama iliongezwa, kwa kuwa asubuhi na jioni abiria ni wengi kuliko viti. Sisi wa shule ya kutwa hatuhitaji kuelezwa zaidi juu ya hilo.

Majaribio hayo ndiyo mzizi wa ukoo wote. Treni zilizofuata zilijengwa katika karakana ya York zikiwa na sifa hizi za pamoja: behewa lenye urefu wa karibu mita 20, milango miwili mipana kila upande wa behewa, na kasi isiyozidi kilomita 120 kwa saa. Mabehewa yalifungwa pamoja kuwa seti ya 3 au 4. Mota ziliwekwa katika mabehewa mawili ya mwisho, moja mbele na moja nyuma, mota 4 kila moja. Jumla mota 8, kila moja ikiwa na nguvu ya karibu kilowati 82. Hakukuwa na injini ya kuvuta kutoka mbele. Faida yake ni kwamba treni ikifika mwisho wa safari, dereva hutoka chumba hiki akatembea hadi chumba cha upande wa pili, na safari ya kurudi huanza. Hakuna kuzungusha injini.

UMEME UNAINGIAJE NDANI YA TRENI?

Hapa ndipo ndugu walipoanza kuachana. Kuna njia mbili kuu za kuipa treni umeme.

Njia ya kwanza ni waya unaoning'inia juu ya reli. Treni huinua mkono wa chuma paani unaoitwa pantografu, nao huugusa waya huo. Katika Uingereza waya huo una volti 25,000 za mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde.

Njia ya pili ni reli ya tatu. Hii ni reli inayolazwa chini, kando ya zile mbili zinazokanyagwa na magurudumu. Ina volti 750 za mkondo mnyofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Treni huugusa kwa kiatu cha chuma kilicho kando ya magurudumu.

Kwani volti 25,000 za nini, ilhali 750 zinatosha kuua ng'ombe? Tukumbuke somo la Fizikia la kidato cha tatu. Nguvu ni volti mara mkondo. Treni ikihitaji kilowati 1,000 kutoka kwa reli ya volti 750, mkondo utakuwa karibu ampea 1,333. Nguvu hiyo hiyo ikipitishwa kwa volti 25,000, mkondo utakuwa karibu ampea 40 tu. Tena tulifunzwa kuwa joto linalopotea katika waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara 33, upotevu katika waya wenye ukinzani ule ule huongezeka zaidi ya mara 1,000! Ndiyo sababu reli ya tatu huhitaji vituo vingi vya kuilisha umeme vikiwa karibu karibu, hali waya wa volti nyingi huweza kulishwa kutoka vituo vichache vilivyo mbalimbali.

Lakini kila chema kina gharama. Treni inayotumia waya sharti ibebe transfoma ya kushusha zile volti 25,000 na kifaa cha kuugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyofu unaofaa mota hizo. Vitu hivyo ni vizito. Tena waya huhitaji nafasi juu, na handaki la kale au daraja fupi halina nafasi hiyo. Reli ya tatu haihitaji nafasi juu, na treni yake haihitaji transfoma. Ila imelala chini, pale miguu ya watu inapoweza kufika.

NDUGU WATANO NA MAKAO YAO

Waingereza waliwapa ndugu hawa namba, na namba zenyewe zina mpango kama viambishi vya ngeli. Ukiona m- na wa- unajua uko kwa viumbe wenye uhai. Vivyo hivyo, namba iliyoanza na 3 ilionyesha treni inayoweza kutumia mkondo geu kutoka kwa waya. Iliyoanza na 5 ilikuwa ya mkondo mnyofu peke yake.

Aina ya 313 ndiye kifungua mimba. Zilijengwa seti 64 za mabehewa matatu, mwaka 1976 na 1977. Kazi yake ilikuwa kutoka viunga vya kaskazini mwa London hadi stesheni ya Moorgate, katikati ya mji. Njia hiyo ilikuwa na mtihani mkubwa. Nje kulikuwa na waya wa volti 25,000, lakini kipande cha mwisho kilipita katika mahandaki yaliyofunguliwa mwaka 1904, mviringo wenye upana wa karibu mita 4.9. Humo waya haukuwa na pa kukaa. Basi 313 ilipewa vyote viwili, pantografu na viatu vya reli ya tatu. Ilipofika stesheni ya Drayton Park ilisimama, dereva akashusha pantografu, treni ikaendelea kwa umeme wa chini. Ikirudi, dereva aliipandisha tena pale pale.

Si hayo tu. Handaki lile ni jembamba kiasi kwamba treni ikikwama humo, mlango wa ubavuni haukufai. Utafungua ukutane na ukuta. Kwa hiyo 313 iliwekewa mlango usoni, katikati ya madirisha ya dereva, ili abiria waweze kutoka kwa mbele umeme ukishakatwa, na kutembea hadi stesheni. Mlango ule si pambo. Ni njia ya kuokoa maisha.

Aina ya 507 ilipelekwa Liverpool, kule kule kwa lile handaki la mto Mersey. Zilikuwa seti 33 za mabehewa matatu, zilizojengwa kuanzia 1978 hadi 1980. Huko reli zote za mtandao wake zilitumia reli ya tatu, kwa hiyo 507 haikuhitaji pantografu wala transfoma. Kubeba transfoma usiyoitumia ni sawa na kubeba mwavuli wa chuma wakati wa kiangazi.

Aina ya 314 ilikwenda Glasgow, Uskoti. Zilikuwa seti 16 tu, za mwaka 1979, mwaka ambao njia ya chini ya mji huo ilifunguliwa upya. Huko umeme ulikuwa wa waya peke yake, hata ndani ya handaki, hivyo 314 haikuwa na viatu vya reli ya tatu.

Aina ya 315 ilikuwa na seti 61, zilizojengwa 1980 na 1981 kwa ajili ya mashariki na kaskazini mashariki mwa London kutoka stesheni ya Liverpool Street. Nayo ilitumia waya peke yake. Tofauti yake kubwa na 314 ilikuwa urefu, kwa maana kila seti ilikuwa na mabehewa 4. Seti mbili zikiunganishwa hupatikana treni ya mabehewa 8. Palipo na abiria wengi na majukwaa marefu, seti hurefushwa.

508 ALIYEHAMAHAMA

Ndugu wa tano, aina ya 508, ana kisa cha peke yake. Zilijengwa seti 43 za mabehewa 4, mwaka 1979 na 1980, zikaanza kazi kusini magharibi mwa London kwa reli ya tatu. Kabla miaka ya 1980 haijafika nusu, ikaamuliwa zihamie Liverpool kuungana na ndugu yao 507. Sasa kule Liverpool mpango ulikuwa wa seti za mabehewa 3, na treni ndefu ya 6. Mabehewa 4 yalikuwa mengi mno kwa seti moja. Likafanywa nini? Kila seti ilinyang'anywa behewa moja la katikati lisilo na mota. Mota 8 zikabaki zile zile, mzigo ukapungua.

Mabehewa 43 yaliyoachwa London hayakutupwa. Yaliingizwa katikati ya treni mpya za aina nyingine, iliyoitwa 455. Lakini 455 haikuwa ya ukoo huu, na paa lake lilikuwa na umbo lingine. Kwa miaka mingi abiria aliyesimama jukwaani aliweza kumtambua mgeni katikati ya safu, kama mtoto wa kambo kwenye picha ya familia. Hata hivyo alifanya kazi sawa na wenzake.

Nimependa kisa hiki kwa sababu kinaonyesha faida ya ukoo. Treni zikiwa na mifupa ya namna moja, fundi aliyejifunza moja hajifunzi nyingine kutoka mwanzo, vipuri vingi hufanana, na seti inaweza kuhamishwa ikafae mahali pengine kwa kubadilishwa kidogo.

MAHALI PASIPOWAFAA

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Treni hizi zilibuniwa kwa safari fupi za mjini, ndiyo maana hazikuwa na vyoo. Kwa safari ya dakika 30 au 40 mtu huvumilia. Kuanzia mwaka 2010 baadhi ya 313 zilihamishiwa pwani ya kusini, karibu na Brighton, ambako hakuna waya na pantografu yake haikuwa na kazi. Huko zilitumika hata kwenye safari ndefu kando ya bahari. Abiria walilalamika, na mimi siwalaumu. Chombo kilikuwa kizima, ila kilipelekwa pasipo pake.

Umri nao haukwepeki. Za Glasgow zilistaafu mwaka 2019, na mwaka huo huo 313 ziliondoka kwenye njia ya Moorgate. Za 315 zilimaliza kazi mwaka 2022, 313 za pwani mwaka 2023, na 507 za Liverpool zilifunga ukurasa wa ukoo mwaka 2024.

Sasa sikiliza ajabu. Treni mpya zilizochukua njia ya Moorgate ni aina ya 717, za kiwanda na kizazi kingine kabisa. Lakini nazo zina mlango wa dharura usoni, na nazo hutumia waya na reli ya tatu! Kwa nini? Kwa sababu handaki ni lile lile la mwaka 1904. Treni hupita, mahali hubaki na swali lake. Kule Liverpool, aina mpya ya 777 ina tawi lenye betri. Tawi hilo huifikia stesheni ya Headbolt Lane, iliyofunguliwa mwaka 2023, ambako reli ya tatu haikupelekwa mpaka mwisho.

SISI JE?

Pengine utaniambia, "Ndugu, hayo ni ya Ulaya." Subiri kidogo. Jirani zetu wa Tanzania walianza mwaka 2024 kusafirisha abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa waya wa volti 25,000. Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza 2017, ilianza kwa injini za dizeli, na treni za viunga vya Nairobi pia ni za dizeli. Siku moja umeme utazungumziwa kwa dhati, na huenda wakati huo wenye kuzungumza tutakuwa sisi tulio madarasani leo.

Mimi hutembea kando ya reli asubuhi nikienda shule, na siko peke yangu. Kina mama huuza mboga hatua chache kutoka kwa mataruma. Kule Kibera reli ni njia ya miguu ya maelfu ya watu, watoto wakiwemo. Sasa jiulize, mtu akituletea treni ya reli ya tatu kwa sababu imepatikana kwa bei nafuu, itakuwaje? Reli yenye volti 750 ilazwe chini mahali ambapo mtoto huvuka kwenda kuchota maji? Hapo hapahitaji hotuba. Na tukichagua waya, je, madaraja yetu yana kimo cha kutosha? Je, majukwaa yetu yatalingana na sakafu ya behewa ili mzee na mwenye kiti cha magurudumu aingie? Je, upana wa reli, ambao kwa zile za zamani ni milimita 1,000 na kwa ile mpya ni 1,435, utakubali treni hiyo?

Kwa hivyo tusianze kwa kuuliza "Treni gani ni nzuri?" Tuanze kwa kuuliza "Mahali petu pako namna gani?" Atakayejibu hili la pili vyema, la kwanza litakuwa rahisi kwake. Na hakuna anayelijua jibu la pili kuliko yule anayepita hapo kila siku kwa miguu.

MSAMIATI

Behewa: chumba kimoja cha treni kinachobeba abiria au mizigo.
Seti: mabehewa yaliyofungwa pamoja na kufanya kazi kama treni moja.
Pantografu: mkono wa chuma paani unaopokea umeme kutoka kwa waya.
Reli ya tatu: reli ya kupitisha umeme, iliyolazwa kando ya reli mbili za magurudumu.
Mkondo geu: umeme unaogeuza mwelekeo wake tena na tena.
Mkondo mnyofu: umeme unaokwenda upande mmoja tu.
Ukinzani: uzuiaji wa mkondo wa umeme ndani ya waya au kifaa.
Mataruma: vipande vya mbao, chuma au saruji vinavyobeba reli.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini aina ya 313 ilihitaji pantografu na pia viatu vya reli ya tatu.
2. Aina za 313, 314 na 507 zilikuwa na mabehewa 3 kwa seti. Aina za 315 na 508 zilijengwa zikiwa na 4. Ukoo mzima ulijengwa na mabehewa mangapi? Ukipata 755, jipigie makofi.
3. Treni inahitaji kilowati 600. Tafuta mkondo wake kwa volti 750, kisha kwa volti 25,000.
4. Chagua stesheni moja unayoijua. Taja mambo matatu ya mahali hapo ambayo mbunifu wa treni angepaswa kuyajua kabla hajashika kalamu.
5. Mjadala: "Kiswahili hakiwezi kufundisha mitambo." Unga mkono au pinga. Mimi msimamo wangu umeshausoma.